Karavani Haiazimwi

Bi Mashavu wa Bungi hakuwahi kuibiwa kitu maishani mwake. Kila alichokipoteza alikitoa kwa mkono wake mwenyewe, akasema "chukua, mwanangu", na akamsindikiza mchukuaji mpaka mlangoni. Sufuria la kupikia pilau, mikeka ya harusi, jembe, taa ya karabai, vyote vilitoka nyumbani kwake vizima na kwa heshima, na vingi havikurudi. Mbuzi yake ya kukunia nazi ilizunguka mtaa kwa muda mrefu, hata yeye mwenyewe akitaka kukuna nazi ikawa anabisha hodi kwa watu na kuiazima.

Hakuwa mjinga. Alizaliwa Makunduchi, akalelewa na shangazi yake Bwejuu, akalima mwani tangu usichana wake mpaka mgongo ulipokataa, na katika kazi ile alijua kamba yake ni ipi na ya jirani ni ipi, hata maji yakiwa machafu. Lakini kukijua kilicho chako ni jambo moja, na kumwambia mtu "hapana" ni jambo jingine. Neno hilo lilimkaa kooni. Akiombwa kitu asichotaka kukitoa alisema "inshallah", kisha akakitoa.

Mumewe, Mcha, alikuwa na maradhi hayo hayo, tena yeye yamemkolea. Walikuwa watu wawili wasiojua kukataa, na posa yenyewe ilikwenda upesi kwa sababu hiyo.

Karavani iliingia maishani mwao kwa kosa la hesabu la Mzungu. Mzungu huyo aliishi Jambiani, Mcha akimtunzia bustani, na aliiagiza karavani kwa meli ili azunguke nayo kisiwa kizima na kulala kila mahali usiku mmoja. Aliondoka Jumatatu. Jumatano kisiwa kilikuwa kimekwisha. Akasimama Nungwi akaitazama bahari, akaitazama karavani, akarudi Jambiani. Alipofunga virago kurejea kwao, karavani akamwachia Mcha kama kiinua mgongo.

Ilikuwa nyeupe, ina matairi mawili, madirisha ya kusukuma juu, na jiko dogo la gesi ndani. Wazee wa Bungi waliiita nyumba ya matairi, wakauliza choo kiko wapi, wakaoneshwa, wakasikitika. Mcha na mkewe waliivuta kwa pikapu mpaka Tunguu, wakaiweka kando ya barabara iendayo chuo, chini ya mti mmoja mpana wa mkungu, na hapo Bi Mashavu akaanza kupika. Asubuhi chai, maandazi na mbaazi za nazi, mchana wali kwa mchuzi wa samaki, na alasiri urojo mpaka uishe. Wanafunzi walimpenda kwa sababu mkono wake haukuwa mwepesi kwenye nazi wala mzito kwenye sahani. Siri yenyewe, lakini, ilikuwa kile kivuli. Kutoka pale mpaka lango la chuo hakukuwa na mti mwingine wa maana, na mtu aliyetoka darasani saa saba mchana hakuchagua pa kula, alichagua pa kusimama. Aliyeshika mkungu ule alishika matumbo ya chuo kizima.

Tabu ikaja baada ya watu kuiona karavani na kuipenda.

Kwanza iliazimwa kwa harusi, bibi harusi apumzike ndani. Ikarudi na hina kwenye mapazia. Kisha ikaazimwa na timu ya mpira ya Unguja Ukuu kwa kubadilishia nguo, na harufu ya soksi ikakaa kwenye maandazi wiki nzima. Binamu mmoja akaipeleka Makunduchi wakati wa sherehe za Mwaka Kogwa, akairudisha haina mapazia kabisa. Lakini muazimaji mkuu alikuwa Ame, mdogo wake Mcha. Ame aliiazima kwa maulidi, kwa shughuli za skuli ya watoto wake, kwa kuhamisha vitu vya mkwewe, na safari moja kwa jambo ambalo hakulieleza, karavani ikarudi na kuku mmoja ndani ambaye hakuna aliyemdai. Kila ilipoondoka, Bi Mashavu alipikia chini ya mkungu kwa mafiga ya mawe, ili kivuli kisije kikapata mwenyewe mwingine.

Ame hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Mtu mbaya unamnunia, ukamaliza. Ame alikuwa mwema kupita kiasi. Ndiye aliyekuja na shoka mti ulipoangukia paa, ndiye aliyembeba Mcha mgongoni kumpeleka hospitali alipovunjika mguu. Utamwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba karavani humpi?

Ndipo mume na mke wakapanda gari siku moja kwenda mjini, Mlandege, dukani kwa Moiz, aliyekuwa akiuza makufuli, bawaba, vitasa na minyororo kama baba yake na babu yake. Moiz alikuwa amevaa kofia yake nyeupe yenye mpaka wa dhahabu, anakunywa chai kwenye sahani.

"Unaogopa mwizi gani, Bwana Mcha?" aliuliza. "Wa kuvunja au wa kukokota?"

"Mwizi sina," alisema Mcha. "Nna ndugu."

Moiz akaweka sahani chini. Alikuwa na ndugu yeye pia, Mombasa, Dar es Salaam na hapo hapo orofa ya juu. Hakuuliza tena. Akapanda ngazi, akateremsha kufuli la tairi, chuma cha rangi ya manjano kipana kama sinia la kahawa, lenye mkono wa kulikumbatia tairi kwa nyuma. Alisema liliagizwa na mtu wa hoteli ambaye baadaye alighairi. Akaeleza faida zake na hakuficha kasoro. Ni zito. Utalifunga umeinama na utalifungua umeinama, kukiwa na matope utainama matopeni. Hewa ya chumvi italila, basi litiwe mafuta. Na ukilisahau ukaondoa gari, litakung'olea bati la gurudumu.

"Lakini mtu akiliona," alisema Moiz, "hata salamu anakutolea mbali. Na funguo zake ni mbili. Mmoja baba, mmoja mama."

Hizo funguo mbili ndizo zilizowaokoa kuliko chuma chenyewe. Mcha alitia mmoja mfukoni, Bi Mashavu akafunga mwingine kwenye pindo la kanga. Ndugu akija kuazima, Mcha alimtazama kwa huruma na, akimtaja mkewe kwa jina la binti yao, akasema, "Kuna kufuli, na ufunguo anao mama Maisara." Ndugu akizunguka mpaka dirishani, Bi Mashavu aliacha mwiko, akajifuta mikono, akasema kwa huruma ile ile, "Ufunguo anao Mcha." Hakuna aliyesema uongo. Ndugu alikwenda na kurudi baina yao, akachoka, akala urojo, akaenda zake. Ame ndiye aliyechukua muda mrefu kuchoka kuliko wote, kwa sababu alikuwa na nia njema na miguu mirefu.

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka. Kila jioni Mcha aliinama kufunga, kila alfajiri aliinama kufungua, akilipaka mafuta ya nazi aliyoyaiba jikoni kwa mkewe. Mara moja tu alisahau, siku ya kuisogeza karavani apishe mtaro wa maji. Pikapu ikavuta, kufuli likakataa, bati likang'oka kwa kishindo kilichowatoa wanafunzi darasani. Mcha alisimama akatazama, akasema, "Linafanya kazi," na kwa sauti yake ungedhani alipongezwa.

Alikufa Jumapili asubuhi, presha, anavaa viatu. Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia.

Bi Mashavu akaingia eda. Miezi minne na ushee ya kukaa ndani, nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna wanaume wasio maharimu, hakuna Tunguu. Mwanawe Maisara, aliyekuwa ameolewa Jumbi, akaja kukaa naye. Majirani walileta mchele, sukari, mafuta, na majungu ya mchuzi, mpaka Bi Mashavu, aliyekuwa amelisha watu maisha yake yote, akaanza kuona aibu kwa kula.

Ame akachukua mambo yote mikononi. Alisimamia mazishi, khitma, kuni, maji. Alikuwa akija kila siku, anakaa barazani, anazungumza na shemeji yake kwa dirishani, pazia limeteremshwa baina yao. Siku moja alikohoa kwanza, na Bi Mashavu akajua kuna wema unakuja.

"Shemeji, tumekaa sisi wanaume, tumeshauriana. Karavani haiwezi kukaa peke yake Tunguu. Mali ya marehemu ile. Tutaileta hapa uwani, uwe unaiona. Ikae imefungwa mpaka eda ishe. Maisara naye asihangaike kupika, watu watasema nini? Watasema Mcha amekufa, ndugu zake wameshindwa kumlisha mjane. Wewe pumzika. Sisi tupo."

Nyuma ya pazia Bi Mashavu aliuona mkungu wa Tunguu kama anaugusa. Alikuwa ameshapata habari kutoka kwa wanafunzi waliokuja kumpa pole. Suhaib, muuza chipsi, ambaye meza yake ilikuwa juani upande wa pili, alikuwa ameivusha barabara. Si kwa ubaya. Alileta hata dumu la mafuta ya kupikia kwenye msiba. Lakini meza ile ilikuwa ikilala mahali pamoja na kuamka mahali pengine, na kila ikiamka ilikuwa karibu zaidi na shina la mti. Karavani ikiondoka leo, kesho asubuhi chipsi zingekuwa kivulini, na hakuna sheria duniani ya kumtoa mtu kivulini. Akitoka eda angekuwa na nyumba ya matairi uwani, kuku wakitagia ndani, na yeye akisubiri kuletewa mchele wa watu mpaka aitwe na Mola wake.

Alitaka kusema hapana. Alifungua mdomo kabisa.

"Ahsante, shemeji," alisema.

"Basi nipe ufunguo wa lile dude la manjano."

Na Bi Mashavu, kwa mazoea ya miaka, bila ya kufikiri, akasema, "Anao Mcha."

  Barazani Ame akaanza kulia kama mtoto, na ndani Maisara akaanza kulia, na Bi Mashavu akalia kwa sababu jibu lile lilikuwa limefika mwisho wake. Hakukuwa na mtu wa upande wa pili wa kumpokea anayezungushwa. Funguo zote mbili zilikuwa ndani ya mto wake, mmoja kando ya mwenzake.

Angeweza kusahihisha pale pale. Lakini mtu analia, utamkatiza vipi?

Ame alilichukua neno lile kama lilivyo. Kama ufunguo anao Mcha, basi ulikuwa mfukoni mwa Mcha, na nguo za marehemu zilikuwa zimeshatolewa, kama ilivyo ada, nyingine kwa waliomwosha, nyingine sadaka. Akaanza kuzifuata nguo za kaka yake. Alikwenda Unguja Ukuu kwa aliyepewa suruali, akaipekua yule bwana akiwa ameivaa. Alikwenda Uzini kufuata koti. Alikwenda mpaka Kizimbani kwa kijana aliyepata kanzu, akamkuta yumo msikitini, akamsubiri amalize sunna zote, kisha akaomba ruhusa ya kumtia mkono mfukoni. Kila mahali alieleza habari nzima, na kila mahali watu walilia, wakampa chai.

Jioni moja alirudi, akakaa barazani kwa uchovu.

"Ufunguo hakuna, shemeji. Kwenye koti kulikuwa na hiki."

Akapitisha kitana chini ya pazia. Kitana cheusi cha Mcha, chenye jino moja lililovunjika, bado kina unywele mweupe. Bi Mashavu alikishika na uso ukamwiva kwa haya. Mwanamme mzima anazunguka shamba na mji kupekua watu kwa ajili ya uongo wake, na bado anamletea kitana. Hapo nusura aseme. Akasema, "Mungu akulipe."

"Tungojee eda ishe," aliongeza kwa sauti ndogo, akitumai.

"Eti tungoje!" alisema Ame. "Nikakuacha hivi hivi?"

Baada ya hapo alikwenda Mlandege kwa Moiz, na aliporudi alisimulia safari yake dirishani kwa uchungu. Moiz alimpa pole kwa moyo, akafunga duka kidogo, akamsomea Mcha Fatiha. Lakini alipoombwa aje na mashine akate kufuli, alibadilika uso.

"Kanambia halikatiki," alisema Ame. "Nkamwambia, Bwana Moiz, chuma gani kisichokatika? Kanambia, hiki nilichouza mimi. Nkamwambia kuna fundi pale Amani atalikata kwa muda wa kunywa chai. Basi kapandwa na hasira, shemeji! Kasema mtu yeyote akilikata lile kufuli mbele ya chuo kizima, nani tena atakuja kununua kufuli kwake? Kasema kwanza mwenye mali aje mwenyewe. Nkamwambia mwenye mali yumo edani. Kasema alhamdulillahi, basi litakaa."

Bi Mashavu nyuma ya pazia alimwombea Moiz na kizazi chake chote.

"Lakini usihofu," Ame aliendelea, na Bi Mashavu akahofu. "Mie nimelitazama vizuri. Kufuli linazuia tairi kuzunguka, sivyo? Haliizuii karavani kunyanyuliwa. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nimeshazungumza nao. Mwenye lori katoa lori. Tunaibeba mzegamzega na kufuli lake, tunaitia juu ya lori, tunaileta. Watu wengi watakuja, shemeji, utashangaa. Kila mtu alimpenda Mcha."

Kweli walimpenda. Nusu yao walikuwa wameshaiazima ile karavani na walijua uzito wake.

Siku zilizobaki Bi Mashavu hakulala vizuri. Maisara, ambaye alichukua ukaidi wake mahali pengine, si kwa wazazi wake, alimwambia, "Mama, mwambie tu hutaki."

"Mwenyewe unaona anavyohangaika."

"Anahangaikia asichotumwa."

"Atakasirika."

"Akikasirika?"

Bi Mashavu alifikiri sana juu ya swali hilo. Akikasirika, nini? Hakujua. Alikuwa na umri wa kuitwa bibi, na hakuwahi kumkasirisha mtu kwa makusudi ili aone kinachofuata. Aliona giza tu, kama mtu anayetazama kisimani. Pengine Ame angesusa nyumba. Pengine mke wake asingeleta tena chakula cha magharibi, na mtaa ungesema Mashavu ana maringo. Pengine angekufa peke yake. Upande wa pili kulikuwa na kivuli cha mkungu, na Suhaib, na mchele wa watu.

Ijumaa ikaja. Adhuhuri ikapita. Lori likafika likasimama mbele ya nyumba na injini yake ikinguruma, limejaa wanaume waliovaa kanzu za Ijumaa wakiwa wamezikunja kiunoni tayari kwa kazi. Mmoja alikuwa na kamba. Mwingine alikuja na mtoto wake mdogo aone. Walikuwa na furaha ya watu wanaokwenda kufanya jambo jema lisilo na ubishi.

Ame akapanda barazani.

"Shemeji, tunakwenda. Tuombee dua."

"Ame."

"Naam."

Bi Mashavu alishika kingo za dirisha. 

"Sitaki."

Lori liliendelea kunguruma.

"Hutaki nini, shemeji?"

"Sitaki karavani iletwe hapa. Ikae pale pale ilipo. Na Jumatatu Maisara atakwenda kufungua, apike. Nisipopika mie, apike yeye. Nikikiacha kivuli kile, sikipati tena."

"Lakini watu watasema sisi ndugu…"

"Watasema."

 Ame alikuwa bado anajaribu kumsaidia. "Na ufunguo? Hata ukitaka kuisogeza siku moja, ufunguo si umepotea?"

"Ufunguo ninao. Zote mbili ninazo. Zimo ndani ya mto."

Kwenye lori mtu alicheka kwa jambo jingine. Ame aligeuka akawapigia mkono wanyamaze, ingawa hawakuwa wakimsikiliza.

"Basi kwa nini siku ile ulinambia anao Mcha?"

"Kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukikwambia siku zote."

Bi Mashavu alisikia kanzu ikisugua baraza, Ame alikuwa amekaa. Ingawa pazia lilikuwa limeteremshwa, Bi Mashavu alijua kwamba shemeji yake anapita moja baada ya nyingine kwenye jioni zile zote, kutoka kwa kaka yake mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka kwa kaka yake.

"Lile kufuli," alisema mwisho, taratibu. "Alilinunua kwa ajili ya wezi?"

"Bungi hakuna wezi, Ame. Wala Tunguu."

"Kumbe mie."

"Na wengine."

"Lakini mie zaidi."

Hapo ndipo Bi Mashavu angesema "la, shemeji, usiseme hivyo", na maneno hayo yalikuwa yamekwisha panda ulimini. Akayameza.

"Wewe zaidi," alisema.

Ame akasimama. Alisema kwa sauti iliyobadilika, si ya barazani tena, ya mtu anayezungumza na maiti au na mtoto. "Mcha angenambia tu. Angesema, Ame, siitoi, nenda zako. Mie ningekasirika mpaka magharibi. Basi. Kisha ningekuja kula."

Akateremka. Bi Mashavu alimsikia akiwaambia watu jambo, akasikia watu wakiuliza, akasikia Ame akijibu kwa ukali ambao hakuwahi kumsikia nao. Lori likaondoka. Halikugeuza kurudi msikitini, lilielekea njia ya Tunguu. Bi Mashavu alikuwa amesema, na haikufaa kitu. Wanakwenda kuibeba vile vile.

Alasiri ile ilikuwa ndefu. Maisara alitaka kuvaa buibui aende akaone, mama yake akamkataza, na Maisara akakaa. Hilo lilikuwa katazo lake la pili kwa siku moja. Bi Mashavu alichukua kitana akakitia kwenye sanduku, akakitoa tena. Alingoja kusikia injini na kishindo cha bati uwani. Karavani haikuja. Hakikuja pia chakula kilichokuwa kikiletwa na mke wa Ame kabla ya magharibi, na alipoona hivyo alijua kwamba amekwisha. Ameuweka mkungu mbele ya watu, na watu wamemwelewa.

Adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Akasali. Alikuwa bado juu ya msala alipobishiwa hodi.

"Karibu," alisema Maisara mlangoni.

"Siingii. Mwambie mama yako," sauti ya Ame ilisema kwa nguvu ili ifike ndani, "nshakasirika, na nshamaliza. Na meza ya Suhaib tumeibeba sisi watu wa lori, na mafuta yake ndani ya karai, hatujamwaga hata tone. Tumemrudisha upande wake wa barabara. Katushukuru, sijui kwa nini. Karavani haijaguswa. Na huyu mke wangu anakuja na chakula, kachelewa kwa sababu nilimwambia asilete, halafu nikamwambia alete."

Bi Mashavu alitaka kucheka. Kicheko kilitoka kweli, mara moja, kifupi. Kisha akamkumbuka Mcha, kila jioni ameinama matopeni na kigae cha mafuta ya nazi mkononi, kila alfajiri ameinama tena, mgongo unamuuma na hasemi, miaka yote ile, na kumbe lililokuwa likiogopwa lilikuwa hasira ya kuishia magharibi. Hakuna aliyemwambia, na sasa hakuna wa kumwambia. Akajifunika uso kwa ukaya akalia kwa sauti, jinsi asivyowahi kulia siku ya mazishi wala siku moja baada yake. Ame alikaa barazani akamngojea amalize.